Projekta, skana ya nyumbani au maabara: filamu ya zamani ya garimoshi uihamishe kwa njia gani?

Katika kutengeneza video ya reli kutokana na rili za zamani, kuhariri, kuweka sauti na kuandika maelezo ni kazi unazoweza kurudia mara kumi. Kuhamisha picha kutoka kwenye filamu kwenda kwenye faili ndiko kunakoamua mengine yote. Mvuke uliogeuka doa jeupe tupu wakati wa kuhamisha haurudishwi na programu yoyote, na tundu lililochanika kwenye filamu halijifungi.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu: kuionyesha filamu kwa projekta na kuirekodi kwa kamera ya video, kuipitisha kwenye skana ndogo ya nyumbani inayopiga fremu mojamoja, au kuipeleka maabara yenye skana ya kitaalamu. Kila moja ina mahali pake.

Vigezo

Cha kwanza ni usalama wa filamu, hasa kama hiyo ndiyo nakala pekee. Cha pili ni mvuke na weusi. Garimoshi ni somo gumu kwa kamera yoyote, kwa sababu ndani ya fremu moja una kichwa cha treni kilichopakwa rangi nyeusi na wingu jeupe la mvuke linalopigwa na jua, na njia ya kuhamisha lazima ivibebe vyote viwili. Cha tatu ni fremu: je, kila fremu ya filamu inakuwa fremu moja kamili kwenye faili, au zinachanganywa? Kwa picha ya bustani usingejali, lakini vyuma vinavyounganisha magurudumu ya injini huonyesha kosa hilo papo hapo. Cha nne ni kazi na muda. Gharama imo ndani yake, maana njia ya bei nafuu hulipwa kwa saa zako.

Kabla ya kuchagua, iangalie filamu yenyewe

Mara nyingi filamu huchagua kabla yako. Anza na aina. Standard 8, filamu ya upana wa mm 8 iliyotoka mwaka 1932, ina tundu pana lililo kwenye mpaka wa fremu na fremu. Super 8 ya mwaka 1965, yenye upana huohuo, ina tundu jembamba lililo katikati ya ubavu wa fremu. Filamu ya mm 9.5 ina tundu moja katikati ya upana wake, kati ya fremu na fremu. Ya mm 16 ina matundu pande zote mbili, au upande mmoja ikiwa ina sauti. Ukikuta filamu ya mm 35 iliyotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1950, ihesabu kuwa ya nitrati, plastiki ya zamani ya filamu, mpaka ithibitike vinginevyo: huwaka kwa kasi, haifai kukaribia projekta ya nyumbani, na hata kuisafirisha kuna masharti yake.

Kisha nusa. Harufu ya siki maana yake asetati, plastiki iliyobeba picha, imeanza kuoza na kutoa asidi. Rili hiyo itenge na nyingine leo hii, kwa sababu mvuke wa asidi huziharakisha zile zilizo nzima.

Halafu pima kunywea, yaani filamu ilivyosinyaa. Tandaza filamu juu ya rula bila kuivuta, upime kutoka ukingo wa tundu la kwanza hadi ukingo uleule wa tundu la 101. Standard 8 nzima hutoa mm 381, Super 8 mm 423, na ya mm 16 hutoa kati ya mm 760 na 762. Ikipungua kwa karibu asilimia 1, yaani mm 4 kwa filamu za mm 8 au mm 8 kwa ya mm 16, meno ya mashine hayakai tena sawasawa kwenye matundu. Hapo projekta imeshatoka kwenye orodha.

Mwisho, pitisha rili yote kwa mkono kwenye meza ya kurudishia, ukishika kingo tu kwa glavu za pamba. Maungio ya zamani ya gundi hukauka na kuachia. Yale ya mkanda wa plastiki huteleza na kuacha ulimbo unaonata. Rudia yaliyolegea. Futa vumbi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ukikigeuza kila baada ya mita chache. Chembe moja ya mchanga iliyonaswa kwenye kitambaa huchora mstari mrefu kuliko vumbi ulilokuja kuliondoa.

Njia ya kwanza: projekta na kamera

*Filamu.* Hapa ndipo filamu huumia zaidi. Kucha ya projekta, kijino kinachoingia kwenye tundu, huvuta fremu 16 au zaidi kila sekunde, na taa iko sentimita chache tu kutoka kwenye lango, dirisha ambamo fremu humulikwa. Safisha lango na njia yote ya filamu kwanza, kisha pitisha mita mbili za filamu isiyo na thamani na uikague kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mstari mpya, tafuta kinachokwaruza kabla ya kuweka rili yako. Projekta ikianza kugongagonga kwa ukali, izime papo hapo. Ni kucha inayokosa matundu. Usisimamishe fremu taa ikiwa inawaka, hata kama projekta ina kitufe hicho, maana filamu hutoa malengelenge.

*Mvuke na weusi.* Picha ya projekta ina utofauti mkali wa mwanga na giza, na kamera ya kawaida haiwezi kuubeba wote. Zima kila kitu cha kujiendesha chenyewe: mwanga, fokasi, mizani ya weupe. Chagua tukio lenye mvuke mwingi unaopigwa na jua, shusha mwanga hadi uone mikunjo ndani ya wingu, halafu usiguse tena. Injini itaonekana nyeusi mno, lakini weusi unaweza kuinuliwa kiasi baadaye; weupe uliokwisha kuungua ni maji yaliyomwagika. Badala ya pazia kubwa tumia karatasi nyeupe isiyong'aa, picha iwe na upana wa sentimita 30 hivi. Weka lenzi ya kamera karibu kabisa na lenzi ya projekta ili reli zilizonyooka zisionekane zimepinda upande mmoja.

*Fremu.* Tatizo linalojulikana ni picha kupepesa. Shata ya projekta nyingi za mm 8, yaani kizibo cha mwanga kinachozunguka, ina mabawa matatu, hivyo kila fremu humulikwa mara tatu. Ukiiendesha kwa fremu 16 na theluthi mbili kwa sekunde unapata mimuliko 50, na kamera inayorekodi fremu 25 kwa sekunde, shata yake ikiwa 1/50 au 1/25, haitapepesa. Kamera ya fremu 30 inataka projekta iende kwa fremu 20, yaani mimuliko 60. Kwa hiyo projekta lazima iwe na kirekebishi cha mwendo, na utakigusagusa kila dakika chache kwa sababu mota hubadilika inapopata joto.

Tatizo la pili halisemwi sana. Katika mpangilio huo wa mimuliko 50, fremu mbili za filamu hugeuka fremu tatu za video, na ile ya katikati, shata ya kamera ikiwa 1/25, ni mchanganyiko wa zote mbili. Simamisha video hapo uone: vyuma vya magurudumu vinaonekana jozi mbili, kimoja hafifu juu ya kingine. Hakuna namna ya kuvitenganisha.

*Kazi na muda.* Rili ya futi 50 huisha kwa dakika nne au chini ya hapo. Hakuna njia ya haraka zaidi, na ikiwa una projekta ya sauti unaweza kuchukua sauti ya filamu hapohapo.

*Inamfaa* mwenye projekta nzima, filamu isiyonywea, na haja ya kujua kilichomo ndani ya rili nyingi kabla ya kuamua zipi zistahili zaidi. Inamfaa pia mwenye nakala za kuuzwa madukani zilizokwisha chakaa, ambazo si za pekee.

Njia ya pili: skana ndogo ya nyumbani

*Filamu.* Mashine hizi husogeza filamu polepole, karibu fremu mbili kwa sekunde nyingi zao, na humulika kwa taa ya LED isiyo na joto. Filamu iliyonywea kidogo hupita. Bado zina kucha inayoingia tundu, na maungio manene hukwama langoni. Mashine itaendelea kupiga fremu ileile mara mia bila kukuambia kitu. Usiiache peke yake chumbani. Hitilafu nyingine ni gurudumu la kupokelea kuvuta kwa nguvu zaidi rili inapojaa, picha ikaanza kupanda na kushuka. Dawa yake ni kuigawa rili kubwa iwe ndogo za futi 50.

*Mvuke na weusi.* Hapa ndipo penye udhaifu wake. Nyingi hujipangia mwanga kwa kila fremu. Garimoshi likiwa mbali angani kweupe, mashine hupunguza mwanga. Kichwa cheusi kikijaza fremu, mashine huongeza, na mvuke wote huungua katika sekunde ileile uliyokuwa unaisubiri. Kama mashine yako inaruhusu kufunga mwanga, ufunge chini kidogo ya kiwango cha kati. Kama hairuhusu kabisa, kwa filamu za mvuke ni afadhali ununue nyingine. Zima pia kiongeza-ukali. Huweka mstari mweupe kuzunguka bomba la moshi na nguzo za ishara, na mstari huo hauondoki. Zaidi ya hayo, faili hubanwa sana: kokoto za njia ya reli na moshi wa makaa, vitu vyenye chembechembe nyingi, hugeuka vipande vya mraba.

*Fremu.* Hili ndilo linaloipa heshima: fremu moja ya filamu ni fremu moja ya faili, bila kuchanganya wala kupepesa. Faili nyingi hutoka zikiwa na mwendo wa fremu 20 kwa sekunde hata kama filamu ilipigwa kwa 16. Kwenye programu ya kuhariri ibadilishe tafsiri ya mwendo wa faili, usitumie amri ya kupunguza kasi inayochanganya fremu. Kutoka 20 kwenda 16 video hurefuka kwa robo.

*Kazi na muda.* Rili ya futi 50 ya Super 8 ina fremu 3,600, na ya Standard 8 ina 4,000. Hesabu nusu saa na zaidi kwa rili moja, mbali na kusafisha lango kila baada ya rili, maana unywele mmoja ukikaa pembeni utaonekana kwenye kila fremu. Nyingi hazipokei mm 16 wala mm 9.5, na sauti hazisomi.

*Inamfaa* mwenye rili nyingi za mm 8, muda wa jioni nyingi, na video itakayotazamwa zaidi kwenye simu na kompyuta.

Wapo pia wanaojiundia mashine: kamera ya picha yenye lenzi ya makro inayopiga kila fremu ya filamu inayovutwa na mota. Ikiundwa vizuri hushinda skana ya dukani kwa mbali, kwa kuwa unapata picha ghafi isiyobanwa na mwanga uliofungwa. Ila wengi humaliza mwaka wakiirekebisha mashine na rili zikiwa bado kabatini.

Njia ya tatu: maabara

*Filamu.* Skana za kitaalamu huvuta filamu kwa magurudumu laini yasiyo na meno na husoma mahali pa matundu kwa mwanga, kwa hiyo filamu iliyonywea au yenye matundu yaliyochanika hupita. Baadhi zina lango la kimiminika, linalojaza mikwaruzo ya upande wa plastiki hadi isionekane. Mikwaruzo iliyofika kwenye tabaka la picha haiondoki kwa namna hiyo. Ile ya rangi ya kijani au njano inabaki. Hatari kubwa hapa ni safari. Andika namba kwenye kila kopo na kwenye utepe wa mwanzo wa filamu yenyewe, piga picha, na peleka kwa mafungu badala ya kutuma hazina yote siku moja.

*Mvuke na weusi.* Hakuna njia inayokaribia hii. Baadhi ya skana hupiga kila fremu mara mbili, moja kwa ajili ya weupe na nyingine kwa ajili ya giza, kisha huziunganisha. Kwa Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, hilo ni muhimu sana, kwa sababu rangi zake hudumu vizuri lakini giza lake ni zito. Gurudumu na fremu ya injini chini ya kivuli hujitokeza ambapo skana ndogo iliona weusi mtupu. Nakala zilizogeuka waridi kwa kufifia nazo hurekebishika zaidi zikiwa na biti 10 (ngazi nyingi zaidi za rangi na mwanga) kuliko 8.

Ila maabara hukupa ulichoagiza. Ukisema tu "nihamishie", unaweza kurudishiwa faili iliyobanwa, iliyosafishwa chembe na kupakwa rangi za harusi. Agiza kwa maandishi: fremu moja kwa fremu moja, biti 10 au zaidi, picha bapa isiyokolezwa, hakuna kuondoa chembe wala kuongeza ukali, na eneo la skani lizidi fremu kidogo hadi tundu lionekane. Hilo la mwisho litakusaidia kutuliza picha, kwa sababu programu itashika ukingo wa fremu badala ya kushika treni inayosogea.

*Fremu.* Kamili, na imara tangu mwanzo. Kwa filamu ya sauti, taja kuwa unataka sauti pia. Kwenye mm 16 ya sauti ya mwanga, sauti hutangulia picha yake kwa fremu 26. Kwenye Super 8 ya sumaku, kwa fremu 18. Ukikata filamu halisi kabla ya kuipeleka, utakuwa umekata filimbi ya treni usiyoiona.

*Kazi na muda.* Kwako ni kidogo, kusubiri ni kwingi. Andaa nafasi: fremu moja ya DPX (faili ya picha isiyobanwa) ya 2K, yaani upana wa pikseli 2,000 hivi, yenye biti 10 ni karibu MB 13, hivyo futi 100 za mm 16, ambazo ni fremu 4,000, hula karibu GB 51. ProRes 422 HQ, aina ya faili ya video iliyobanwa kiasi, ni sehemu ndogo ya hizo na kwa video nyingi inatosha kabisa. Na 4K, yenye upana wa pikseli mara mbili ya huo? Kwa mm 16 nzuri, ndiyo. Kwa Standard 8, ambayo fremu yake ina upana usiofika mm 5, utakuwa unapima chembe za filamu tu. 2K yenye biti 10 ni matumizi bora ya fedha hizohizo.

*Inamfaa* mwenye nakala pekee, filamu yenye siki au iliyonywea, mm 16 na mm 9.5, na yeyote anayetaka kuuza video au kuionyesha ukumbini.

Kasi na sauti, kwa njia yoyote

Filamu za kimya za Standard 8 na mm 16 mara nyingi zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, Super 8 kwa 18. Ukiziachia ziende kwa 25, treni ya kilomita 60 kwa saa inakimbia kama ya 94, na abiria jukwaani wanatembea kama kuku. Wapime hao abiria, wala usiipime treni, kwa kuwa kasi ya treni hakuna anayeikumbuka lakini mwendo wa mtu kila jicho linaujua. Kufikia 24 au 25 rudia fremu. Programu zinazobuni fremu za kati huvunja vyuma vya magurudumu na kuyeyusha moshi. Kagua pia namba ya injini: ikisomeka kinyume, filamu iliingia upande usio sahihi.

Kwa sauti ya kubandika, hesabu mipigo. Injini ya silinda mbili hutoa mipigo minne kwa kila mzunguko wa gurudumu la kuendeshea, ya silinda tatu kwa kawaida hutoa sita. Gurudumu la kipenyo cha mita 1.5 kwa kilomita 40 kwa saa huzunguka mara 2.4 hivi kwa sekunde, yaani mipigo karibu 9 au 10 kwa silinda mbili. Garratt, aina ya garimoshi, ina injini mbili chini ya boila moja, na mipigo yake hukutana na kuachana. Rekodi ya injini ya kawaida juu ya picha ya Garratt hugunduliwa na wapenzi wa reli kabla treni haijamaliza kupita. Na kumbuka kuwa kumiliki rili si kumiliki haki ya picha zilizomo. Mtafute aliyepiga, au warithi wake, kabla ya kuuza.

Kwa hali yako

Rili ina harufu ya siki au imenywea asilimia 1: maabara, na mapema, kwa kuwa uozo huo huenda kwa kasi ukishaanza.

Una rili arobaini za mm 8 ambazo hujui zina nini: projekta kwa zilizo nzima, au skana ndogo kwa zote, kisha uandike orodha ya kila rili ukitaja injini, mahali na hali ya picha. Chagua tano au sita za kupeleka maabara. Faili za nyumbani zitumie kuhariri mpangilio wa video, halafu ubadilishe kwa zile nzuri zitakaporudi.

Una Super 8 za rangi, nzima, na video ni ya ndugu na marafiki: skana ndogo yenye kufunga mwanga inatosha.

Una mm 16 nyeusi na nyeupe na projekta iliyo nzima: rekodi nakala ya kazi kwa kamera ikiwa kipimo cha kunywea kinaruhusu, maana skana za nyumbani nyingi hazitakusaidia, lakini usiifanye hiyo kuwa nakala ya mwisho.

Una nakala ya dukani, na unajua ipo pia kwenye hifadhi ya filamu: uliza kwanza kama wao wanayo iliyo safi zaidi na masharti ya kuitumia. Huenda rili yako isihitaji kupita kwenye mashine yoyote.